Diski ilichomolewa, wingu likafutika

Ukishakabidhiwa kompyuta za ofisi, haitapita miezi mitatu bosi hajakuambia, "Hebu weka vitu vyetu winguni, hizi laptopu zinaibiwa." Utafungua akaunti ya hifadhi ya mtandaoni, folda itaanza kupanda, nawe utaenda nyumbani ukijua kazi imekwisha. Mimi nilienda hivyohivyo.

Ilikuwa ofisi ndogo ya wahasibu. Hesabu zote zilikaa kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta moja ya Ubuntu, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Nikaweka rclone, programu ya bure ya kupeleka faili winguni, nikaipangia iamke saa nane usiku na kuendesha amri ya sync, yaani kusawazisha, kwenda Google Drive. Wiki kadhaa mambo yakawa shwari. Jioni moja mtu akachomoa waya wa diski apate pa kuchajia simu. Kwa jinsi nilivyokuwa nimeipanga Ubuntu, diski ikitoka, folda yake hubaki palepale, tupu. Saa nane rclone ikaamka, ikakuta huku hamna kitu na kule kuna maelfu ya faili, ikafanya ilichoagizwa: pande mbili zifanane. Ikafuta vya kule. Asubuhi nikasoma logi, kumbukumbu ya ilichofanya, hakuna kosa hata moja lililoandikwa!

Kilichoniokoa ni kwamba rclone, usipoibadilisha, ikifuta kitu Google Drive hukitupa kwenye pipa la taka, na pipa lile hukaa na vitu siku 30. Ningegundua baada ya hizo siku 30, sijui ningemwambia nini bosi.

Kwa hiyo mdogo wangu, folda inayojisawazisha usiiite bakapu, yaani nakala ya akiba. Mhasibu akifuta faili kwa bahati mbaya, nayo inafuta. Virusi vikifunga faili zote vikidai pesa, nayo inapandisha zilizofungwa juu ya zile nzima. Ukibaki na rclone, tumia copy, ambayo haifuti kitu upande wa pili, ingawa faili lililobadilika bado italiandika juu ya lile la zamani. Kabla ya amri yoyote mpya ongeza --dry-run uone ingefanya nini. Mimi nilihamia programu nyingine, restic. Hii hutunza hali ya faili ilivyokuwa kila siku. Nabakiza za siku 7 na za miezi 12, za katikati nazifuta. Ukiiambia, inapita kwenye rclone ileile.

Ila restic husimba kila kitu, yaani hukifunga kwa nywila, na nywila ikipotea ndiyo basi, hata aliyeitengeneza hawezi kukufungulia. Yetu imeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, kwenye sefu ya bosi. Bahasha hiyo ina pia namba za dharura za kuingilia akaunti, maana laptopu ikiibiwa mara nyingi na simu inayopokea namba za kuthibitisha inaenda nayo.

Akaunti usiifungue kwa Gmail yako. Siku ukiacha kazi utapigiwa simu hadi uchoke. Wala usitegemee zile GB 15 za bure: zinagawanwa na barua pepe na picha, zikijaa barua haziingii, na lawama ni zako.

Piga hesabu ya intaneti mapema. Kasi ya kupandisha ikiwa megabiti 2 kwa sekunde, GB 60 zitachukua karibu siku tatu usiku na mchana, umeme usipokatika. Mara ya kwanza pandisha kidogokidogo usiku, ukianza na hesabu za mwaka huu.

Na urudishaji ujaribu kabla hujahitaji. Kila mwisho wa mwezi namwomba dada wa mishahara ataje faili moja la zamani, nalirudisha kwenye kompyuta nyingine, analifungua mwenyewe. Mara ya kwanza lilifunguka vizuri, akaniuliza, "Na lile folda la kwenye desktopu yangu?" Sikuwahi kuliingiza kwenye orodha ya vya kupandishwa.