Zawadi, uliuliza kama nilipona

Mwanangu Zawadi,

Salamu sana. Hapa Muheza hatujambo, mvua imenyesha, baba yako anapalilia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakoroga uji, nikauzima katikati. Unasema ulipokuja Pasaka ulishusha lile kopo la Blue Band juu ya kabati ukitafuta sindano na uzi, ukakuta dawa, ukahesabu aina tano, na tangu siku hiyo usingizi umekupaa. "Mama, tuliambiwa umepona. Ulipona au hukupona? Kuna kitu mnatuficha wewe na baba?"

Ningekujibu kwa sauti na mimi, lakini najijua, ningelia, na wewe ungepanda basi la kutoka Mwanza usiku huohuo. Ndiyo maana nimeandika.

Saratani ya mlango wa kizazi ilipona. Katika kopo lile hakuna hata kidonge kimoja cha saratani. Mbili ni za presha, moja ya sukari, moja ya mafuta kwenye damu, na vile vikubwa vyeupe ni vya mifupa, kwa sababu mionzi ilinifunga hedhi nikiwa na miaka 46, na mwanamke akifungwa mapema mifupa huanza kulegea mapema. Hilo ni jibu la swali la kwanza. La pili, ndiyo, yako tuliyoficha.

Sukari ilinikuta kulekule hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, mwaka 2016. Unakumbuka nilivyokuwa nalala kwa mjomba wako Temeke, asubuhi naenda kupanga foleni kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa juma, na mara moja kwa juma dripu ya dawa ya saratani. Kabla ya dripu walikuwa wananipa dawa ya kuzuia kutapika, na dawa ile ina tabia ya kupandisha sukari. Juma la pili nesi akanitoboa kidole: sukari 17, iko juu sana. Wakasema huenda ikashuka dripu zikiisha. Ilishuka kweli, ila ikagoma kufika inakotakiwa. Bibi yako mzaa mama aliondoka na sukari, kwa hiyo nadhani ilikuwa imekaa barazani siku nyingi, ikisubiri mtu wa kuifungulia mlango.

Niliporudi, watu walijaa hapa nyumbani. Walileta khanga, wakaleta maombi, na karibu kila mmoja alikuja na kilo moja ya sukari, kama desturi ya kumwona mgonjwa ilivyo. Nilihesabu kilo 14. Sikumwambia mtu.

Saratani, mwanangu, ina watu. Presha haina mgeni. Hakuna atakayekuja kukupa pole eti leo umesoma 160 kwa 95. Na mimi mwenyewe niliidharau. Waliponiambia kwamba hawaoni dalili ya ugonjwa tena, nilijiona nimemwangusha chui, nani aje anitishe na panya? Nikaacha vidonge vya presha miezi saba. Ile harusi ya Korogwe mliyoambiwa mama yenu alizidiwa na jua, halikuwa jua. Ilikuwa presha, 210. Baba yako alinisihi niwaambie, nikakataa kwa aibu. Nilikuwa nimewaita watu kunichangia nauli na chakula cha Dar, halafu nimeshindwa kumeza kidonge kilichoko kabatini.

La pili tulilowaficha lilikuwa mwanzoni mwa 2018. Niliona damu chooni. Siyo mbele, nyuma. Nilikaa nayo siku 19, nafua nguo zangu usiku, baba yako hajui. Nilishajizika. Nilishagawa hata vyombo kichwani, sufuria kubwa yako, ile cherehani ya mdogo wako. Nilipokwenda hospitali, wakatazama kwa kamera, daktari akanichorea kwenye karatasi: mlango wa kizazi upo hapa, kibofu mbele yake, utumbo nyuma yake, vyote vimebanana. Mionzi inapochoma uvimbe, majirani nao wanapata moto. Mishipa midogo ya utumbo inakuwa laini, inavuja, na yaweza kuanza mwaka au hata miaka baada ya matibabu. Haikuwa saratani. Nilipewa dawa ya majimaji ya kuingizwa kwa nyuma, majuma kadhaa, ikatulia. Sasa hivi ikitokea nusu kijiko naandika tarehe na kwenda kuonyesha, sikai tena siku 19.

Lakini linalonichosha kuliko yote ni tumbo, na hili nitakueleza kirefu kwa sababu wewe ndiye unayenipigia simu kuniuliza nimekula nini.

Kliniki ya sukari wanatufundisha: dona, maharage, mchicha, tembele, matunda na maganda yake. Vizuri sana. Ila utumbo uliopitiwa na mionzi ukiuletea maharage, haukupi nafasi hata ya kufunga mlango wa choo. Nikiacha maharage nikala sembe na ndizi, tumbo linatulia, sukari inapanda hadi 13. Juu ya hapo, metfomini, kidonge changu cha sukari, yenyewe ni dawa inayoharisha. Basi miaka miwili niliharisha. Kule kwa saratani wakaniambia ni mionzi, vumilia. Kule kwa sukari wakanisomea somo la dona upya. Hakuna aliyekuwa mwongo. Ila kila mmoja alikuwa anatibu kiungo chake, na mwenye viungo vyote ni mimi.

Aliyenisaidia ni daktari kijana, sijui hata kama amemaliza kujifunza. Aliniambia, "Mama, mwaga dawa zote mezani." Nikamwaga. Akanibadilishia metfomini, akanipa ile inayoyeyuka polepole, na kuharisha kukapungua nusu. Nusu iliyobaki ni ya mionzi, hiyo nimeipangisha, ikae. Siku hizi nakula choroko zilizokobolewa, dona kiasi cha ngumi yangu, mchicha uliopikwa ukalainika, halafu napima saa mbili baadaye. Kidole changu kimekuwa mwalimu kuliko somo.

Na hapo nikanunua daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: mlango wa kizazi, 2016, mionzi 25 ya nje na mitatu ya ndani, dripu tano. Ukurasa wa pili dawa zote na dozi zake. Popote niendapo, hata kung'oa jino, naweka daftari mezani kabla ya shikamoo. Figo ndizo zinazonifanya niwe mkali hivyo. Ile dripu ni nzito kwa figo, ndiyo maana walikuwa wanazipima kwanza, na sukari nayo inazila, na presha nayo. Figo mbili, wadai watatu. Kwa hiyo goti likiuma, yule mama wa duka la dawa akinyoosha mkono kuchukua diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, namwambia rudisha mwanangu, nipe panadoli. Na ule unga wa majani uliotuma kwa basi sijaunywa. Usinune. Figo zangu zina kazi ya kutosha.

Safari ndiyo vichekesho. Kidonge kimoja cha presha ni cha kukojoza, na kibofu changu tangu mionzi hakina subira. Kondakta akitangaza kuchimba dawa, wenzangu wanatoka kuchimba, mimi naona jina limenifaa kabisa: nimekunywa dawa, sasa nakwenda kuichimba. Zamani siku ya safari nilikuwa nakiruka, nafika Dar presha iko juu, nagombezwa. Sasa nimeruhusiwa kukimeza nikifika.

Mambo ya chumbani sitayaandika. Walinipa mafundisho na vifaa vya kutumia baada ya mionzi, na baba yako ni mwungwana. Ukitaka zaidi, niulize tukiwa wawili, siyo kwenye simu.

Umeuliza pia kama utarithi. Saratani hii huletwa na kirusi, haishuki kama sukari ya bibi yako. Sukari ndiyo uiogope, kapime. Na kile kipimo cha siki cha kuchungulia mlango wa kizazi nenda kafanye, ni dakika chache. Mimi nilikwenda damu imeshatoka. Binti yako ametimiza kumi: chanjo ya kirusi hicho ilianza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14, lakini tangu 2024 ni kuanzia tisa, na ni sindano moja tu. Mwulize mwalimu wake.

Usimwambie mdogo wako habari ya harusi, nitamwambia mwenyewe.

Na ukija Desemba usinibebee kuku. Niletee betri za mashine ya presha, zile nyembamba, inakula nne kwa mpigo, na za hapa dukani haziishi juma.

Mama yako.