Maswali ya Wasomaji: Walichoacha Wamongolia Ulaya

SWALI: Wamongolia waliingia Hungaria mwaka 1241, mwaka uliofuata wakaondoka. Kuna athari gani ya kudumu hapo?

JIBU: Ngome za mawe, na nyuma ya kuta zake, mabwana waliokuja kumshinda nguvu mfalme.

Tarehe 11 Aprili 1241 jeshi la Mfalme Béla wa Nne lilisambaratishwa huko Mohi, kando ya mto Sajó, naye akakimbilia pwani ya Dalmatia. Ngome nyingi za nchi yake zilikuwa maboma ya udongo na magogo, na hazikufua dafu. Tazama Esztergom: mji uliokuwa chini uliteketea, lakini ngome ya mawe kilimani haikutekwa. Monasteri ya Pannonhalma, nayo ya mawe na juu ya kilima, ilisalimika vilevile.

Béla aliporudi alilifanyia kazi somo hilo. Aliwagawia mabwana na maaskofu ardhi kwa sharti la kujenga ngome za mawe. Wakazi wa Pest, mji wa tambarare ulioharibiwa, wakapewa kilima cha ng'ambo ya Danube, na hapo ukakua mji wa Buda. Vijiji vilivyobaki mahame akavijaza wahamiaji, wengi wao Wajerumani.

Kinga hiyo ilifanya kazi. Nogai na Talabuga, viongozi wa Kimongolia, walipovamia mwaka 1285, watu wengi walikuwa wameshajifungia ndani ya kuta; wavamizi wakaishiwa chakula na kurudi wakiwa wamepoteza askari wengi. Ila ukuta unaomzuia Mmongolia humzuia pia mtoza kodi wa mfalme. Nasaba ya Árpád, ukoo wa Béla, ilipokatika mwaka 1301, bwana mmoja, Máté Csák, alijitawalia kaskazini-magharibi mwa nchi mpaka alipokufa mwaka 1321, na Mfalme Charles wa Kwanza alilazimika kuzikomboa ngome mojamoja kwa vita.

SWALI: Ni kweli mfanyabiashara wa Italia aliweza kufika Uchina salama?

JIBU: Katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, ndiyo, mradi ajiandae. Francesco Pegolotti, mtumishi wa benki ya Bardi ya Florence, aliandika maelekezo kamili mnamo mwaka 1340. Msafiri afuge ndevu. Akifika Tana, kwenye mdomo wa mto Don, aajiri mkalimani hodari, wala asibanie mshahara, kwa kuwa mkalimani mbovu humtia hasara kubwa zaidi. Achukue unga na samaki wa chumvi wa siku 25. Nyama ataipata njiani. Safari ya Tana hadi Astrakhan ni siku 25 kwa mkokoteni wa maksai, au 10 hadi 12 kwa wa farasi. Akiingia Uchina, fedha yake hubadilishwa kwa noti za karatasi.

Njia hiyo ilikuwa mikononi mwa watawala wa Kimongolia, na usalama wake uliegemea mtu mmoja. Mtawala akifa, kabla mrithi hajatangazwa, wageni hawakuwa na wa kuwalinda. Na mfanyabiashara akifia njiani, mali yake yote ilichukuliwa na bwana wa nchi, asipokuwepo ndugu wa kuidai.

SWALI: Je, tauni iliingia Ulaya kwa maiti zilizorushwa na Wamongolia ndani ya Kaffa, bandari ya Waitalia kwenye Bahari Nyeusi?

JIBU: Habari hiyo ni ya Gabriele de' Mussi, mwandishi wa hati wa Piacenza, ambaye hakuwapo Kaffa jeshi la Janibeg, mtawala wa Kimongolia, lilipouzingira mji mwaka 1346. Maiti hazikuhitajika. Meli zilizotoka Bahari Nyeusi zilibeba panya na viroboto, na Oktoba 1347 ugonjwa ulikuwa Messina.

Vifo vilipowafanya vibarua kuwa adimu, kila nchi ilitafuta njia yake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1349 na 1351 kuzuia mishahara isipande. Florence, mwaka 1363, iliruhusu watumwa wasio Wakristo waletwe kutoka nje bila kikomo, na wengi walioletwa walikuwa wasichana wa Kitatari, watu wa nchi zilizotawaliwa na Wamongolia, waliouzwa kupitia bandari zilezile za Bahari Nyeusi.