Shangazi Fundi Anajibu: Kona ya Mtoto kwa Mikono Yako

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za chumba cha mtoto. Ujauzito umekua, mfuko umekauka, na kila mzazi anataka mwanawe akute pamependeza. Mimi ni fundi cherehani, na kazi za watoto ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa hiyo nimezijibu hizi peke yake. Nyingine zitasubiri zamu yake.

Shikamoo shangazi. Nina ujauzito wa miezi saba, wa kwanza. Tuna chumba kimoja cha kulala na mtoto atakaa humo humo na sisi. Nimeona seti ya kitanda cha mtoto yenye mito ya kuzungushia pembeni, mfarishi na foronya, vyote vya rangi moja. Kuinunua siwezi, ila cherehani ninayo na mashuka ya zamani ninayo. Nianzie wapi kuishona? — Mama Kijacho

Marahaba mwanangu, na hongera. Hiyo seti usiishone. Ile mito ya pembeni ndiyo inayopendezesha picha, na ndiyo hatari yenyewe. Mtoto mchanga akigeuka, uso ukazama kwenye kitambaa laini, hana nguvu za kujinasua. Marekani walitunga sheria mwaka 2022 kupiga marufuku kuitengeneza na kuiuza. Kitanda cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka kinataka godoro gumu lililolala bapa na shuka lililokaza, basi. Mto, mfarishi na midoli vikae kwingine, na yeye alazwe chali. Na kulala chumba kimoja na ninyi, akiwa kwenye kitanda chake mwenyewe, ndivyo madaktari wa watoto wanavyoshauri kwa angalau miezi sita ya mwanzo. Kwa hiyo usijione umekosa chumba. Unachohitaji ni kona.

Sasa tuje kwenye mashuka yako, maana hapo una mali. Shuka kuukuu la pamba limeshafuliwa mara nyingi, limeshanywea kiasi chake na limekuwa laini. Litoe mashuka ya mtoto yenye lastiki. Pima godoro lenyewe kwa futi kamba, usibahatishe. Tuseme lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na unene 10. Kila upande ongeza 20: kumi za unene, na kumi za kukunjia chini pamoja na pindo la lastiki. Utakata kitambaa cha 160 kwa 100. Kisha kwenye kila kona toa mraba wa sentimita 19, ili ile moja inayobaki iwe ya mshono. Unganisha kingo mbili za kila kona, pitisha cherehani mara mbili, kunja pindo kuzunguka kote na upenyeze lastiki. Ukimaliza, livishe godoro na ulivute katikati kwa vidole. Likiinuka na kujikusanya, kaza lastiki. Shona matatu: moja kitandani, moja kwenye maji, moja kabatini. Hata uwe na haraka vipi, usipunguze hapo, kwa sababu usiku wa manane ndio utajua kazi ya lile la tatu.

Mabaki yafanye pazia. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha ndipo mikunjo ikae vizuri, na nyuma yake ushonee shuka jeusi au zito la kuzuia mwanga. Mapambo ya ukutani yafuate mwisho, na hapo kuna jambo linalopunguza gharama: mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na kinachomvuta ni tofauti kali, nyeusi juu ya nyeupe. Rangi zile za upole tunazozihangaikia, katika wiki za mwanzo hazimwambii kitu. Chukua kadi nyeupe, chora duara nene, mistari na miraba kwa wino mweusi, kisha zibandike ubavuni mwa mahali unapombadilishia nepi. Hapo uso wake uko karibu, na atatulia akizitazama wakati wewe unafanya kazi yako.

Shangazi, naweza kuwatia midoli ya kitambaa macho ya vifungo? — Mshonaji Chipukizi

Hapana. Kifungo hata kikishonwa na nani hulegea siku moja, na njia yake ya kwanza ni mdomoni. Tarizi macho kwa uzi, na mdomo vilevile. Ukitaka kupima kitu kingine chochote, chukua lile bomba la kadibodi la katikati ya karatasi ya chooni. Kinachopenya humo hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Habari za kazi, shangazi. Mke wangu anashona, nami nataka mchango wangu uonekane. Nimeamua kutengeneza yale mapambo ya kuning'inia yanayozunguka polepole. Nimejaribu, lakini yanalala upande mmoja na nyuzi zinajisokota. — Baba Mtarajiwa

Nzuri, baba, na kazi uliyoichagua ni tamu. Tatizo lako bila shaka umeanzia juu. Mapambo haya hupangwa kuanzia chini kwenda juu. Chukua vijiti viwili vyepesi, kimoja cha sentimita 20 na kingine cha 30. Funga maumbo mawili kwenye ncha za kile kifupi. Kisha kifungie uzi katikati, kiinue, na uusogeze uzi huo kidogo kidogo mpaka kijiti kilale sawa. Hapo tia tone la gundi ili fundo lisihame. Sasa kijiti hicho kizima, pamoja na maumbo yake, kining'inize kwenye ncha moja ya kile kirefu, na ncha ya pili uweke umbo moja. Tafuta tena mahali pa kushikia. Utaona fundo limeenda upande wenye uzito, halikai katikati kamwe. Usilirudishe, hapo ndipo pake. Msanii wa Marekani, Alexander Calder, alijenga sanaa nzima juu ya jambo hilo, vipande vikubwa kwa vidogo vikielea bila mashine.

La pili, lala chini sakafuni uyatazame. Watu wazima tunakata ndege na nyota, tunazining'iniza zikitutazama sisi tuliosimama mlangoni, na mtoto aliye chini anaona kingo nyembamba tu. Umbo lako litoboe matundu matatu, upitishe nyuzi tatu zikutane juu, lilale bapa kama sinia. Sasa uso wa picha unamwangalia yeye. Tumia kadi ngumu au kitambaa kizito, nyeusi na nyeupe kwa miezi ya mwanzo, kisha badilisha maumbo uweke rangi. Bruno Munari, msanii wa Italia, ndiye ambaye jina lake limepewa yale mapambo ya nyeusi na nyeupe wanayotumia walimu wa Montessori, na ukiyatazama, karibu yote ni kadi na vijiti.

Mimi siyaweki juu ya kitanda. Yaning'inize juu ya mkeka anaolala akiwa macho nawe uko naye, kama sentimita 30 kutoka machoni, kwa kulabu iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbao ya dari, isiyobandikwa kwa gundi. Akianza kurusha mikono kuyapiga, yapandishe. Akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kwenye miezi mitano hivi, yaondoe kabisa, maana uzi na shingo ya mtoto havikai pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo kagua na kamba za pazia, zifupishe zisifikiwe.

Shangazi, tumepanga. Mwenye nyumba hataki rangi wala misumari ukutani, na ukuta wenyewe una rangi ya kuchosha. Kuna njia? — Mpangaji

Ipo, na ni mojawapo ya kazi ninazozipenda sana: kitambaa kwa wanga. Kinashika ukuta bila msumari, na siku ya kuhama unakibandua kizima, unakifua, unahama nacho.

Chagua pamba nyepesi, isiyotoa rangi. Ifue kwanza na uipige pasi. Nusu kikombe cha wanga wa mahindi kikoroge kwenye maji kidogo ya baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina polepole kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Utaona maji meupe yanaanza kuangaza na kuwa mazito. Ipua, yaache yapoe mpaka mkono uvumilie. Futa ukuta vumbi na mafuta. Paka wanga ukutani kwa brashi pana, sehemu ya juu kwanza, ubandike ukingo wa kitambaa, kisha ushuke nacho taratibu ukipaka na kulainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, ili hewa itoke. Kikishakaa, paka tena wanga juu yake mpaka kilowe. Kingo acha zizidi kidogo, utazikata kwa wembe kitambaa kikishakauka, maana kikiwa kibichi kinavutika na mstari unapinda.

Si lazima ufunike ukuta mzima. Maumbo machache, mawingu au majani, yanatosha kuibadilisha kona. Ila ukuta uwe laini na mkavu. Ukuta unaovuta unyevu utaota ukungu nyuma ya kitambaa, na huo mtoto ataupumua. Jaribu kwanza kipande cha kiganja mahali pasipoonekana, ukiache wiki, ukilowanishe kwa spongi na kukibandua. Rangi ya ukuta isipotoka nacho, endelea kwa amani.

Shangazi, nimemshonea mwanangu pazia na mifuko ya kuhifadhia nepi kutoka kwenye magauni yangu ya zamani. Wifi zangu walipoona wakacheka, wakasema mtoto wa kwanza hapokelewi kwa matambara. Nimeyatoa ukutani. — Niliyeumia

Pole sana, mdogo wangu. Yarudishe. Ulikaa na tumbo lako ukapima, ukakata, ukashona, ukimuwaza mtu ambaye hujamwona bado. Sitaki kusikia hayo yakiitwa matambara.

Nikusaidie pia kifundi, ili hata wao wakose la kusema. Kazi ya nyumbani ikionekana chakavu, mara nyingi shida ni umaliziaji, kitambaa hakina kosa. Chagua rangi mbili au tatu uzirudie kila mahali: pindo la pazia, mfuko wa nepi, gamba la boksi. Uzi ufanane na kitambaa. Kila mshono upige pasi kabla ya kushona unaofuata, usisubiri mwisho. Pindo la chini la pazia lipe sentimita 10 likae kwa uzito. Maboksi ya kadibodi ya kuwekea nguo yavishe kitambaa hadi ndani, sentimita tano chini ya mdomo, badala ya kukatia ukingoni.

Halafu mwite wifi mmoja, yule mwenye moyo mwepesi, umwombe akushikie kitambaa wakati unakata. Mpe na kipande kimoja atarizi yeye.

Shikamoo. Mjomba ametupatia kitanda cha mbao walicholelewa yeye na ndugu zake, kina miaka zaidi ya arobaini. Mume wangu anataka tukipige msasa tukipake upya. — Mwenye Kitanda

Marahaba. Msasa weka chini kwanza. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwako na kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa macho hutaitambua, na mtoto anayeota meno huguguna mbao za kitanda. Kama hamjui kilipakwa nini, mshukuruni mjomba kwa moyo wote na msikitumie.

Kama mbao ni tupu na haikuwahi kupakwa rangi, chukua rula. Nafasi kati ya mti na mti isizidi sentimita 6. Kati ya godoro na ubavu wa kitanda visipite vidole viwili. Na kama ubavu mmoja unashuka na kupanda, kiacheni: Marekani walipiga marufuku vitanda vya aina hiyo mwaka 2011, baada ya ubavu kuchomoka na kubana watoto. Kikipita yote hayo, kipakwe rangi ya maji isiyo na risasi, na fundi awe mwingine, wewe ukae mbali mpaka harufu iishe. Anzeni mapema, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Shangazi, nimebaki na mfuko mzima wa vipande. Nitupe? — Asiyetupa Kitu

Usitupe, fanya zulia la kukanyaga unapoamka kunyonyesha. Chana vipande vya upana wa sentimita tano, viunge, visuke vitatu vitatu. Zungusha msuko juu ya meza, bapa, ukishona duara na duara kwa uzi mnene. Usiuvute msuko unapopinda, ulegeze kidogo, la sivyo kingo zitainuka na zulia halitalala tena. Chini yake shonea kitambaa cha mpira kisichoteleza. Utakuwa unalipita gizani ukiwa na mtoto mikononi.