Mnaoanza kitengo cha meno huku Dodoma, msishike koleo kabla hamjauliza haya

Habari zenu wadogo zangu mnaoripoti fildi na intanishipu, hasa mnaokuja kitengo cha meno hapa mjini na wilayani huko Bahi, Chamwino, Kongwa. Nimekaa kwenye hii kazi muda wa kutosha na kila kundi jipya likija naona kitu kilekile, mtu anafika ana hamu ya kung'oa tu, jioni anahesabu meno kama mchezaji anavyohesabu magoli, na mgonjwa mwenyewe hata presha hajapimwa. Kung'oa utajua tu, mkono unazoea. Shida ni kusahau kwamba hilo jino lina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana sukari, au mjamzito, au anameza dawa za CTC (kliniki ya VVU), au anaumwa kitu ambacho hajakijua bado na wewe ndo wa kwanza kumwona, mana bila jino kumuuma asingetoka nyumbani.

Anza na maswali, ila uliza vizuri. Ukimuuliza mama mtu mzima "una presha?" atakwambia hapana. Muulize "umewahi kuambiwa una presha?" hapo ndo utasikia eeh mwanangu, walinipa dawa ikashuka nikaacha. Pima basi, ikiwa 180 kwa 110 au zaidi hatung'oi siku hiyo, anapewa dawa ya maumivu inayomfaa anapelekwa kwa daktari kwanza. Na dawa usiulize jina, mwombe akuoneshe, atafungua fundo la kitenge atoe kipakiti chenye vidonge viwili vitatu vilivyobaki, soma mwenyewe. Ukikuta ni amlodipini ya presha na fizi zimevimba zimepanda juu ya meno usikimbilie kumgombeza eti hapigi mswaki, ile dawa huwafanyia baadhi ya watu hivo, na fenitoini ya kifafa ndo zaidi. Asiache dawa lakini, narudia, asiache, wewe safisha halafu mwandikie daktari wake aone kama kuna ya kubadilisha. Aspirini ya moyo nayo hivohivo, kuna watu wanapenda kuisimamisha eti damu itatoka sana. Damu ya jino unaweka gozi anaing'ata inakata, kiharusi utakiwekea nini?

Wazee wa vijijini wape muda. Ukimwanza na shikamoo, ukatupia na mbukwenyi ya Kigogo hata kama lafudhi yako ni ya Dar, anafunguka anakueleza yote.

Sasa sukari, hapa naomba mkae. Kuna baba mmoja mkulima wa mpunga wa Bahi alikuja meno ya mbele yanacheza, yeye anasema ni uzee, na wala hakuwa mzee. Ugaga (ule uchafu uliogandamana kwenye meno) aliokuwa nao ni wa kawaida tu, hauendani kabisa na meno yalivyolegea, ukibonyeza fizi usaha unatoka sehemu kadhaa, na ule mdomo ulikuwa mkavu kiasi kwamba kile kioo cha kuangalizia kinanata kwenye shavu. Nikamuuliza usiku unaamka kukojoa? Akanyamaza, mke wake ndo akajibu kwa kucheka kwamba ndoo inalala chumbani siku hizi. Tukampima, mashine ikasoma zaidi ya 20 (mmol kwa lita), juu sana. Alikuwa hajawahi kupimwa sukari maisha yake yote, alikuja kung'oa jino.

Mambo yanakwenda pande zote mbili hapo. Sukari ikiwa juu kinga inashuka, mate yanapungua, fizi zinaoza haraka na kidonda hakiponi. Halafu fizi zenye usaha nazo zinamwaga uchochezi kwenye damu, insulini inashindwa kufanya kazi vizuri, sukari inazidi kugoma. Wagonjwa wa sukari wanaotibiwa fizi vizuri kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kinashuka kama pointi 0.4 za asilimia, sio muujiza ila hakuna anayeikataa. Kwahiyo ukiona mtu yuko kliniki ya sukari miezi na miezi dawa anameza na sukari haishuki, mwangalie mdomo.

Kwenye moyo msiwatishe watu. Ni kweli wenye ugonjwa wa fizi wanaugua moyo zaidi, lakini kwamba ukisafisha fizi umezuia shambulio la moyo, hiyo haijathibitika, usimwambie mgonjwa kitu usichoweza kukitetea. Tusichobishana ni huyu aliyewekewa vali ya bandia au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, huyo kama ni mtu mzima, kabla ya kung'oa anapewa amoksilini gramu 2 nusu saa mpaka saa moja kabla, kama hana mzio nayo, mana bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanakwenda kukaa hukohuko kwenye vali.

Halafu diklopa, ile dawa ya maumivu yenye diklofenaki. Mtu jino limemuuma tangu mavuno, kila siku duka la dawa, diklopa asubuhi diklopa jioni, hospitali anaogopa sindano ya ganzi. Hizo dawa zinapandisha presha, zinachimba vidonda vya tumbo na figo zinaumia, hasa kwa mzee. Uliza amemeza nini na kwa muda gani, kabla na wewe hujamwandikia ileile.

Hili lingine kwenye noti mtalipita haraka, meno ya nailoni. Mtoto wa miezi mitano sita anaharisha ana homa, bibi anapapasa fizi anakuta uvimbe mweupe pale chonge zinapojiandaa kutoka, basi inaamuliwa ni nailoni, anapelekwa kwa fundi anachimbuliwa na kitu chenye ncha. Damu inamwagika, maambukizi yanaingia, na chonge za ukubwani zinaweza kutoka zimeharibika au zisitoke kabisa. Na kilichokuwa kinammaliza ni maji kupungua mwilini, alihitaji ORS na zinki. Kukata kimeo eti kutibu kikohozi nako ni hadithi hiyohiyo. Usimfokee mama, mara nyingi hakuamua yeye, ongea na bibi.

Meno ya kahawia kwa watu wa Singida na baadhi ya vijiji vya huku ni floraidi ya maji ya visima waliyokunywa wakiwa wadogo, sio uchafu. Kuchemsha hakuitoi.

Na uvimbe chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuliwa juu, mate yanadondoka hawezi kumeza, hapo usiandike ampiklox (antibiotiki) ukamrudisha nyumbani. Njia ya hewa inaweza kuziba usiku huohuo. Piga simu hospitali ya rufaa, aende amekaa, asilazwe chali kwenye gari.

Mwisho, karatasi ya rufaa. Usiandike "tatizo la meno" tu, mana OPD (wagonjwa wa nje) daktari ana foleni mpaka nje na huo mdomo hataufungua. Andika ulichokiona: utando mweupe kwenye kaakaa unaofutika, apimwe VVU kama ataridhia. Fizi zina usaha na mdomo mkavu, sukari ilisoma kadhaa. Weka na namba ya simu ya kitengo, wanapiga kweli.