Shaka ya T haiwi mbili kwa sababu T imeandikwa mara mbili

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Niko kidato cha sita, Tanga. Katika zoezi la pendulamu urefu wa uzi ulikuwa sm 80.0 ± 0.2, na mibembeo 20 ilichukua sekunde 35.9 ± 0.2. Nimepata g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, = 9.80 ± 0.08 m/s². Mwenzangu, kwa vipimo hivyohivyo, ametumia derivativu za sehemu (kubadilisha kipimo kimoja huku vingine vikishikiliwa) akapata ± 0.11. Nani amekosea?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na kosa lako nimelitambua kabla sijamaliza kusoma swali, kwani daftari za vitendo ninazosahihisha zimejaa hilohilo. Fomula ni g = 4π²L/T², ambapo L ni urefu wa uzi na T ni muda wa mbembeo mmoja. Shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kupotoka, ni asilimia 0.25 kwa urefu na asilimia 0.56 kwa muda. Wewe uliiandika T² kuwa T × T, ukachukua mraba wa 0.25, mraba wa 0.56 na mraba wa 0.56 tena, ukajumlisha, kisha ukatafuta kipeuo cha pili. Ndipo ilipotoka asilimia 0.83, yaani ± 0.08.

Kanuni ya kujumlisha miraba inadai kwamba shaka zisitegemeane, ili moja ikizidisha jibu, nyingine iweze kulipunguza. T ya kwanza na T ya pili haziwezi kufanya hivyo, kwa kuwa ni kipimo kimoja: ukichelewa kusimamisha saa, zote mbili zimekua kwa pamoja. Derivativu ya g kwa T, huku L ikishikiliwa isibadilike, ni −2g/T. Hiyo 2 inaikuza shaka ya muda mara mbili kamili, asilimia 1.11, wala si mara 1.41 kama ulivyofanya bila kujua. Ukiiunganisha na 0.25 ya urefu unapata 1.14, yaani ± 0.11.

Ninavyoshuku, umefuata kile kikaratasi cha «fomula fupi» kinachozungushwa kwenye tuisheni na vibanda vya fotokopi, kisemacho kwamba katika kuzidisha na kugawanya asilimia huunganishwa tu. Kinakubalika pale ambapo kila kipimo kinaonekana mara moja. Kwingine kinapotosha, tena si upande mmoja. Chukua lenzi, f = uv/(u + v), ambapo f ni urefu wa fokasi, u ni umbali wa kitu na v ni umbali wa taswira, yenye u = sm 30 na v = sm 60, kila kimoja kikiwa na shaka ya sm 0.5. Njia ya kikaratasi inatoa takriban ± sm 0.40, ilhali derivativu, v²/(u + v)² kwa u na u²/(u + v)² kwa v, zinatoa ± sm 0.23. Kwenye pendulamu kilikupa matumaini yasiyo na msingi. Kwenye lenzi kinakuchafulia kipimo kizuri. Anayekiuza hajui kitakosea upande gani, na hajali.

Kama derivativu bado zinakutisha, rudia hesabu nzima kwa sekunde 36.1 badala ya 35.9, urefu uleule. Utaona g inashuka hadi 9.69, na huo ni muda peke yake, hata urefu hujaugusa.