Ndiyo, kazi yangu ni panya

Juzi mama mdogo kanipigia, na najua alikuwa anauliza kwa niaba ya ukoo mzima: "Hivi mwanangu, huko Marekani unafanya kazi gani hasa? Kama ni maabara ya saratani, mbona humtumii mjomba wako dawa?" Swali hili nimelikwepa miaka mitatu. Haya, nalijibu.

Nafuga panya. Si wale panya buku wa chuo cha kilimo cha SUA pale Morogoro wanaonusa mabomu na TB. Wale angalau wana jina mjini. Wangu ni weusi, wadogo, mmoja anaenea kiganjani. Wamezaliwa na hitilafu kwenye jeni ya Apc, ileile ambayo ikiharibika kwa binadamu, uvimbe wa utumbo huanza. Wanaitwa Min, na waligunduliwa hapahapa mjini Madison, Wisconsin, taarifa yao ikachapishwa 1990. Huna haja ya kuwapandikizia kitu. Subiri miezi michache tu, utumbo umejaa vinundu.

Kila asubuhi nakagua nyayo. Za panya mwenye afya ni za waridi. Zikipauka, ujue vinundu vinavuja damu na damu imemwishia. Hapo hatumwachi ateseke, tunamuua kwa gesi. Kisha natoa utumbo, naupasua kwa urefu na kamkasi, nausuuza kwa maji ya chumvi, nautandaza kwenye karatasi na kuhesabu chini ya darubini. Panya mmoja anaweza kuwa na vinundu 30 na ushei, vingine kama kichwa cha pini. Wiki ya kwanza nyama haikupita kooni. Siku hizi nakula, na hilo nalo huwa linanisumbua.

Iwe Pasaka, iwe theluji ya magotini, panya lazima waangaliwe. Ndiyo maana siku ya harusi ya binamu sikupokea simu, si maringo.

Sasa hiyo dawa. Kundi moja tunalichanganyia dawa kwenye chakula, jingine linakula chakula kitupu, halafu tunalinganisha idadi ya vinundu. Ikishuka tunafurahi, ila kwa tahadhari: hawa huota vinundu zaidi kwenye utumbo mwembamba, sisi tunaugua utumbo mpana, na vya kwao ni nadra kufika kwenye ini. Dawa iliyomsaidia panya inatupa tu sababu ya kuendelea kuchunguza. Hata ningeichomoa kwenye friji nikaituma, ningekuwa mwizi, na mjomba ningempa sumu nisiyoijua.

Lakini mama mdogo, mjomba anaona damu chooni tangu Januari na bado mnamchemshia mizizi ya bawasiri. Mpelekeni Muhimbili akafanyiwe kolonoskopi, kile kipimo cha kamera. Hela ya nauli na kipimo nimeituma jana usiku kwenye simu yako. Ya mabati nitatuma mwezi ujao. Hii usiiguse.