Ukistaafu mapema hapa Mombasa, shika asubuhi kwanza

Ndugu yangu uliyeuliza: umetoka kazini una miaka 52, kiinua mgongo kimeingia, na huu mwezi wa tatu siku zinakupita hujui Jumanne wala Alhamisi. Mchana unalala, usiku macho makavu, na shemeji ameanza kuchoka nawe. Pole sana. Jambo hili huwapata wengi wanaotoka mapema, na lina dawa, ila dawa yenyewe si hiyo "tafuta shughuli" unayoambiwa na kila mtu. Tazama kwanza siku yako imetoboka wapi.

Hesabu adhana. Alfajiri kwetu ni karibu saa kumi na moja, Adhuhuri ni saa sita na nusu hivi. Hapo katikati ni saa saba na zaidi bila mwito wowote. Kuanzia hapo mambo yanafuatana: Alasiri kabla ya saa kumi, Magharibi saa kumi na mbili na nusu, Isha saa moja unusu na kitu. Hata kama wewe si Mwislamu, mji unakwenda kwa saa hizo, na jioni watu wapo barazani. Lile pengo la asubuhi ndilo kazi ilikuwa imelikalia miaka yote. Ukiliacha wazi, litajazwa na usingizi, simu, na kumfuata mkeo jikoni.

Basi baadhi ya siku za kazi, kati ya saa mbili na nusu na saa sita, uwe nje ya nyumba, mahali ambapo kuna mtu anayekusubiri. Hilo la kusubiriwa ndilo lenye nguvu. Matembezi ya peke yako utayaacha siku ya kwanza ya mvua, lakini mzee mwenzako akikungoja saa tatu, utatoka. Kushika hesabu za chama au msikiti au kanisa, kufundisha vijana ufundi ulioujua kazini siku mbili kwa wiki, kukaa dukani kwa ndugu anapokwenda kununua mali: vyote vinafaa. Siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia. Ukijipangia tano kwa mpigo, kufikia wiki ya pili utaona umeajiriwa upya bila mshahara, na utaziacha zote.

Siku zilizobaki zipe bahari, maana bahari nayo ina ratiba. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu, na saa hizohizo utakuta yamejaa. Kwa hiyo wiki ya bamvua tembea ufukweni, tuseme kutoka Pirates kuelekea Nyali. Anza saa tatu na nusu maji yakiwa bado yanatoka, urudi kabla hayajageuka. Mchanga wa maji kupwa ni mgumu na wa sawasawa. Ule wa juu umeinama, mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake, na goti litakudai jioni. Vaa kofia na viatu vya mpira. Wiki ya maji mafu hamia Mama Ngina chini ya mibuyu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Februari na Machi usichezee jua la saa nne, hata wiki ya bamvua njoo huku mapema.

Nyumbani, kumbuka asubuhi ya jikoni ina mwenyewe. Mkeo ana mpangilio wake wa miaka: maji yanapojazwa kwenye mitungi, nani analetewa nini, lini anapumzika. Usiulize kwa nini sufuria ipo pale. Muombe akupe kazi mbili ziwe zako kabisa, kama soko la Kongowea Jumatano na Jumamosi, halafu ukubali orodha yake ilivyo. Nenda mapema, saa moja uwe umefika. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, vyombo vidogo havitoki sana na samaki hupanda bei, kwa hiyo usirudi na mkoba mtupu ukilaumu soko. Chukua mbaazi na kunde.

Usingizi wa mchana uwe dakika 20 hadi 30, baada ya Adhuhuri, na saa tisa usikukute kitandani. Weka saa ya simu ilie. Ukilala saa mbili nzima, usiku umeuuza. Sababu ya pili ya kukosa usingizi ni kahawa. Yule muuza kahawa anapopita na dele lake akigonganisha vikombe baada ya Isha, kikombe kinaonekana kidogo, lakini nguvu ya kahawa hupungua kwa nusu tu baada ya saa tano au sita. Ukinywa vitatu saa mbili usiku, saa saba mwili bado una kahawa ya kikombe kimoja na nusu. Hamishia kahawa kwenye Alasiri, usiku kaa na wenzako kwa tangawizi. Mogoka, ile aina ya miraa, achana nayo kabisa. Imevuruga usingizi na mifuko ya wastaafu wengi wazuri.

Fedha: usile kiinua mgongo kwa mwezi, jilipe kwa wiki. Kila Jumatatu asubuhi toa kiasi kilekile benki kwenda kwenye simu. Maombi ya jamaa yawekee fungu lake la mwezi, likiisha sema limeisha, subiri mwezi ujao. Hivyo humkatalii mtu, na hufilisiki. Miezi sita ya kwanza usinunue tuktuk wala kuanza kufuga kuku. Na ukikaa nyumbani tokeni za umeme zitaisha haraka: feni ya wati 75 kwa saa 8 ni yuniti 0.6 kwa siku, kama 18 kwa mwezi, na ukivuka yuniti 100 kwa mwezi daraja la bei linapanda.

Na la SHA, bima ya afya ya serikali, usilisahau. Ile asilimia 2.75 ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara. Sasa haikatwi na mtu. Piga *147#, fanya tathmini ya uwezo wako, kisha ulipe ya mwaka mzima, wakati fedha bado ipo.